Tembe ya Thairoidi, Chai ya Maziwa na Wiki Sita za Kungoja

Saa kumi na moja alfajiri taa za jikoni zimeshawaka Kayole, Githurai na Rongai. Maji, maziwa na majani yanachemka katika sufuria moja, na mtu anayewahi matatu ya saa kumi na moja na nusu anaisukuma tembe yake ndogo ya thairoidi kooni kwa funda la chai. Miezi miwili baadaye kipimo cha damu kinaonyesha hali ni ileile. Daktari anaongeza dozi. Inapita miezi miwili mingine, na majibu bado hayaridhishi; dozi inapanda tena. Kisha mgonjwa anapata likizo ndefu. Sasa anaamka saa mbili, anameza dawa kwa maji, chai anainywa saa nne. Wiki chache tu, moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi umemhama. Dawa haikubadilika. Kilichobadilika ni umbali kati ya tembe na kikombe.

Levothairoksini, au thairoksini kwa kifupi, dawa inayotolewa kwa watu ambao tezi yao ya thairoidi imeshindwa kazi, si dawa ngumu. Ila ina tabia mbili: utumbo huifyonza kwa kuchagua, na ikishaingia mwilini hujijenga na kuondoka polepole sana. Mikanganyiko mingi inayowapata wanaoanza kuitumia huzaliwa na mojawapo ya tabia hizo.

Kinachotokea shingoni

Thairoidi ni tezi yenye umbo la kipepeo, imekaa mbele ya shingo chini kidogo ya kikoromeo. Kwa mtu mzima ina uzito wa gramu 20 hivi. Kazi yake ni kuchukua iodini ya chakula na kuunda homoni mbili, T4 na T3, ambazo huamua mwili uende kwa mwendo gani: mapigo ya moyo, joto, choo, hedhi, ngozi, hata kasi ya kufikiri. T4, ambayo ndiyo thairoksini iliyo kwenye tembe, ina atomu nne za iodini na ni kama akiba. Mwili huondoa atomu moja na kupata T3, ambayo ndiyo hasa hufanya kazi ndani ya seli.

Mwaka 1912 daktari mpasuaji Mjapani, Hakaru Hashimoto, alieleza tezi za wanawake wanne ambazo zilikuwa zimejaa chembe nyeupe za damu, jambo ambalo halikutarajiwa. Leo ugonjwa huo unaoidhoofisha tezi unaitwa kwa jina lake, Hashimoto. Mfumo wa kinga, ambao kazi yake ni kupigana na vijidudu, huigeukia tezi ya mwenyewe na kuila kidogo kidogo kwa miaka. Kwa wagonjwa tisa hivi kati ya kumi, damu huonyesha kingamwili dhidi ya TPO, kimeng'enya ambacho tezi hukitumia kuunda homoni. Kipimo hicho cha kingamwili husaidia kujua chanzo, lakini ukishajulikana, kukirudia kila mara ni kupoteza pesa. Dozi haipangwi kwa kingamwili, na tembe haikusudiwi kuzimaliza. Tembe inajaza pengo la homoni, basi.

Kinachotumika kupanga dozi ni TSH, homoni inayoiamuru thairoidi ifanye kazi, na hapa wengi huteleza. Ukitaka kuielewa TSH, msikilize makanga katikati ya jiji jioni. Gari likiwa tupu anapaza sauti, anagonga bodi, anaita kila apitaye. Gari likijaa, ananyamaza. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ndiyo makanga. TSH ni sauti yake. Abiria ni homoni za thairoidi. TSH ikiwa juu, gari ni tupu: homoni ni chache. TSH ikiwa chini sana, gari limejaa hadi watu wananing'inia mlangoni. Kwa hiyo anayesoma karatasi ya maabara na kusema "TSH yangu imepanda, nipunguze dawa" anaelekea kinyume kabisa cha njia. Tena makanga huyu ana hisia kali. Homoni ikipungua kidogo tu, sauti yake hupanda mara kadhaa. Ndiyo maana TSH inaweza kuruka kutoka 4 hadi 20 kwa badiliko ambalo kwenye T4 halionekani kuwa kubwa.

Dozi ya kwanza

Mtu ambaye tezi yake haizalishi karibu chochote huhitaji takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 65 hupata 104, na daktari humwandikia 100. Lakini wengi wenye Hashimoto bado wana sehemu ya tezi inayofanya kazi, na wenye TSH iliyopanda kidogo huanzia 25 au 50. Wazee na wenye ugonjwa wa moyo huanzia 12.5 au 25, kisha hupandishwa taratibu. Sababu ni kwamba homoni huufanya moyo upige kwa kasi na kudai oksijeni zaidi. Mishipa ya moyo iliyoziba ikiamshwa ghafla inaweza kuleta maumivu ya kifua au shambulio.

Kuna hadhari moja ambayo haisemwi vya kutosha. Kinga inayoshambulia thairoidi wakati mwingine hushambulia pia tezi za adrenali, zilizo juu ya figo. Mwenye Hashimoto anayekonda badala ya kunenepa, anayepata kizunguzungu akisimama, anayetapika, anayetamani sana chumvi, au anayeona ufizi na mistari ya viganja ikizidi kuwa myeusi, apimwe kotisoli, homoni ya tezi hizo, kabla ya kuanza thairoksini. Ikiwa adrenali ni dhaifu, thairoksini peke yake huharakisha matumizi ya kotisoli kidogo iliyobaki na mgonjwa anaweza kuzidiwa ghafla. Hapo dawa ya kotisoli hutangulia.

Jambo jingine la kusoma vizuri ni kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Pakiti moja husema mikrogramu 50, nyingine husema miligramu 0.05, na ni kitu kilekile. Miligramu 0.1 ni mikrogramu 100. Nukta ikikosewa, mtu humeza mara kumi ya anachohitaji au sehemu yake ya kumi.

Hesabu ya wiki sita

Thairoksini hukaa. Inachukua siku saba hivi kwa nusu ya iliyo mwilini kuondoka. Ukimeza dozi ileile kila siku, baada ya wiki moja umefika nusu ya kiwango ambacho dozi hiyo itakupa mwishowe. Wiki ya pili, asilimia 75. Ya tatu, karibu 88. Ya nne, 94. Ya sita, 98. Na makanga wetu, aliyekuwa akipiga kelele kwa miezi, hanyamazi siku gari linapojaa; naye huchukua muda wake. Ndiyo sababu TSH hupimwa wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza au kubadilisha dozi.

Anayepima baada ya wiki mbili ameuliza swali ambalo jibu lake halijaiva. Akiongezewa dozi kwa jibu hilo, ataongezewa juu ya kiwango ambacho bado kinapanda chenyewe, na wiki ya nane atakuwa amezidiwa. Atapunguziwa, naye atapungukiwa. Tumeona watu wakipandishwa na kushushwa hivyo mwaka mzima, na kosa lilikuwa haraka tu.

Wakati wa kungoja, mwili haubadiliki wote kwa siku moja. Choo kigumu, baridi ya ajabu na uzito wa macho huanza kulegea katika wiki ya pili au ya tatu. Uso na vifundo vilivyofura hupungua kadiri maji ya ziada yanavyotoka. Kolesteroli hushuka polepole. Hedhi hurudia mpango wake katika miezi michache. Ngozi na nywele ndizo za mwisho, miezi mitatu hadi sita, na wakati mwingine nywele hukatika zaidi miezi ya kwanza kwa sababu zile zilizokuwa zimelala zinasukumwa na mpya. Wengi huacha dawa hapo wakidhani ndiyo inawanyoa.

Kuhusu uzito, tuseme ukweli. Uzito ambao thairoidi dhaifu peke yake huongeza kwa kawaida ni kilo chache, na sehemu kubwa ni chumvi na maji. Mwenye kilo 20 za ziada asitarajie tembe kuziondoa, na asiongeze dozi kwa siri ili akonde: atachoma misuli na kuuchosha moyo kabla mafuta hayajaondoka.

Kumeza: hapa ndipo kazi ilipo

Tumbo likiwa tupu, utumbo hufyonza asilimia 70 hadi 80 ya tembe. Kukiwa na chakula, kiasi hicho hushuka, na hushuka tofauti kila siku kulingana na ulichokula. Kalsiamu ya maziwa hushikamana na thairoksini na kupita nayo chooni. Kahawa hupunguza ufyonzaji hata ikiwa ya rangi. Uji wa unga uliochanganywa na soya una hasara mbili, soya yenyewe na nyuzinyuzi. Chai yetu, ambayo nusu ni maziwa, ndiyo mshirika mbaya kuliko wote kwa sababu hainywewi siku moja moja. Inanywewa kila asubuhi.

Kanuni ni tembe kwa glasi ya maji matupu, kisha kungoja dakika 60 kabla ya chai au chakula. Dakika 30 ni kiwango cha chini. Kwa anayetoka nyumbani saa kumi na moja na nusu kanuni hiyo husikika kama mzaha. Njia inayofanya kazi ni kuweka tembe na chupa ya maji karibu na kitanda. Simu ikilia, meza kabla hata ya kuwasha taa. Oga, vaa, waandae watoto, na chai uitie kwenye thamosi uinywe kazini. Safari ya Thika Road au Jogoo Road asubuhi itakupa hiyo saa moja na zaidi.

Njia ya pili ni usiku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kutoka Uholanzi ulionyesha kwamba waliomeza wakati wa kulala walipata kiwango bora kidogo kuliko waliomeza asubuhi. Sharti lake ni saa tatu tangu mlo wa mwisho. Katika nyumba nyingi za Nairobi ugali huiva saa tatu usiku na watu hulala saa nne; hapo usiku ni mbaya kuliko asubuhi. Kwa mlinzi wa zamu au muuguzi wa usiku, chagua saa yoyote ambayo tumbo huwa tupu kwa uhakika, siku za kazi na za mapumziko.

Kuna wasioweza kuachana na chai kabisa. Kwao, afadhali tembe na chai kila siku, daktari akijua, kuliko maji leo na chai kesho. Dozi hupangwa juu ya mazoea yako. Mazoea yakiyumba, dozi haina mahali pa kusimama.

Dawa nyingine zina adabu zake. Vidonge vya madini ya chuma, vya kalsiamu, vitamini zenye madini, na dawa za kiungulia zenye alumini au magnesi vikae mbali na thairoksini kwa saa nne. Omeprazole haishikamani nayo, lakini hupunguza asidi ambayo tembe huihitaji ili iyeyuke; anayeianza kwa muda mrefu apimwe TSH baada ya wiki sita. Bakteria ya vidonda vya tumbo, H. pylori, ambayo imeenea sana kwetu, hufanya jambo linalofanana, na ikitibiwa mtu anaweza kuhitaji dozi ndogo kuliko ya awali. Rifampisini ya kifua kikuu, kabamazepini na fenitoini za kifafa huifanya ini ichome thairoksini haraka, kwa hiyo dozi huongezwa wakati wa matibabu na kurudishwa yakiisha. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo vinaweza kuongeza mahitaji. Kwa upande wa pili, thairoksini huongeza nguvu ya wafarini. Anayetumia dawa hiyo ya kuzuia damu kuganda apimwe damu mapema kila dozi ya thairoidi inapobadilishwa.

Ukisahau, usiwe na hofu. Kwa dawa inayokaa hivi, ukikosa siku moja bado umepata dozi sita kati ya saba za wiki. Ukikumbuka siku hiyohiyo tumbo likiwa tupu, meza. Ukikumbuka kesho yake, maelezo ya pakiti nyingi husema endelea na tembe moja tu, wakati baadhi ya wataalamu huruhusu mbili, moja asubuhi na moja usiku. Mwenye ugonjwa wa moyo asijaribu njia hiyo ya mbili.

Siku ya kutolewa damu

Usimeze tembe asubuhi hiyo mpaka damu itolewe. T4 ya kwenye damu hupanda kwa saa kadhaa baada ya kumeza, na karatasi itaonyesha kilele badala ya hali ya kawaida. Nenda saa zilezile kila mara, kwa kuwa TSH huwa juu usiku na alfajiri na hushuka mchana. Tumia maabara moja, kwa sababu mashine hutofautiana.

Kisha kuna suala la vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina biotini, mara nyingi mikrogramu 5,000 au 10,000, ilhali mwili unahitaji 30 hivi kwa siku. Mashine nyingi za maabara hutumia biotini ndani ya kemikali zake za kupimia. Ikiwa damu yako imejaa biotini, mashine hizo hukosea kwa namna ya kupotosha kabisa: TSH husomeka chini kuliko ilivyo na T4 juu kuliko ilivyo, kama mtu aliyezidishiwa dawa. Daktari asiyeambiwa atapunguza dozi ya mtu aliyehitaji kuongezewa. Acha vidonge hivyo angalau siku mbili kabla ya kipimo, na kama unameza kiasi kikubwa, siku zaidi.

Karatasi ikirudi, angalia vipimio. Kiwango cha kawaida cha TSH katika maabara nyingi ni kati ya 0.4 na 4.0 mIU/L. T4 huru, yaani ile isiyoshikamana na protini za damu, huandikwa kwa pmol/L au kwa ng/dL. Ng/dL moja ni karibu pmol/L 12.9, kwa hiyo 1.2 upande mmoja na 15.4 upande mwingine ni mtu yuleyule. TSH ya juu na T4 ya chini maana yake dawa haitoshi au haifyonzwi. TSH ya chini sana na T4 ya juu maana yake imezidi. Lakini TSH ikiwa bado juu huku T4 iko juu pia, daktari mzoefu huinua jicho: mara nyingi ni mtu aliyekaa bila dawa kwa wiki, kisha akameza kwa bidii siku chache kabla ya kipimo. T4 hufuata tembe za juzi. TSH inakumbuka mwezi mzima. Afadhali kusema ukweli, maana tiba yake si dozi kubwa.

Dozi ikibadilishwa, hatua ni mikrogramu 12.5 hadi 25. Kwa kuwa dawa hukaa, kinachohesabiwa ni jumla ya wiki: 75 leo na 100 kesho, kwa zamu, ni sawa na 87.5 kila siku. Majibu yakishatulia, kipimo kimoja kila miezi 6, kisha kila mwaka, kinatosha, isipokuwa uzito, dawa au mimba viingilie kati.

Dozi iliyozidi kwa muda mrefu si jambo dogo hata kama mtu anajisikia mwepesi. TSH ikikaa chini ya 0.1, hasa kwa mwenye umri wa zaidi ya miaka 60, hatari ya moyo kupapatika bila mpangilio huongezeka, na wanawake waliokoma hedhi hupoteza mifupa. Moyo kwenda mbio, jasho, kuhara, wasiwasi na kukosa usingizi vikianza, piga simu kwa daktari ili damu ipimwe; usisubiri tarehe ya kliniki.

Uchovu usioondoka

Wapo ambao TSH yao ni 2, kila kitu kwenye karatasi ni sawa, na bado hawawezi kupanda ngazi. Jibu la kwanza lisiwe dozi zaidi. Wenye Hashimoto hupata kwa urahisi magonjwa mengine ya kinga, na mojawapo huharibu utando wa tumbo hadi vitamini B12 isifyonzwe. Omba kipimo cha B12, cha akiba ya madini ya chuma na cha sukari. Angalia usingizi: anayelala saa nne na kuamka saa kumi kila siku kwa sababu ya foleni amelala saa sita tu. Huzuni ya muda mrefu nayo huvaa nguo za thairoidi. Kuongeza T3 juu ya T4 hujaribiwa na wataalamu kwa wagonjwa wachache, lakini majaribio mengi hayakuonyesha faida ya wazi kwa walio wengi, na T3 hupanda na kushuka haraka kiasi cha kusumbua moyo.

Mtandaoni utauziwa suluhisho jingine, jeli ya mwani. Mwani ni mali yetu ya Pwani. Kibuyuni huko Kwale wanawake wameulima kwa miaka na una soko lake la halali. Lakini mwani una iodini, kiasi chake hubadilika sana kutoka kopo hadi kopo, na iodini nyingi inaweza kuichochea kinga iishambulie zaidi tezi yenye Hashimoto. Chumvi ya dukani Kenya huwekwa iodini kwa sheria, na inatosha, usiiache, usiiongezee. Sukuma wiki na kabichi zilizopikwa hazina hatia yoyote, wacha watu waseme. Vidonge vya "kuamsha thairoidi" visivyo na usajili wa Bodi ya Famasia na Sumu usiviguse: baadhi ya bidhaa za aina hiyo zimewahi kukutwa na homoni halisi ndani, bila kiasi kuandikwa.

Mimba na mfungo

Mama mwenye Hashimoto akijua tu kwamba ana mimba, asingoje kliniki ya kwanza. Mtoto hutegemea homoni ya mama katika wiki za mwanzo, na mahitaji hupanda kwa asilimia 25 hadi 30. Njia rahisi ambayo madaktari hufundisha ni kumeza tembe 9 kwa wiki badala ya 7, yaani mbili katika siku mbili zilizochaguliwa, huku akitafuta miadi. Zungumza na daktari kuhusu hilo kabla ya kushika mimba ili ruhusa iwe tayari. TSH hupimwa kila wiki 4 mpaka katikati ya mimba, na tena karibu na wiki ya 30, na lengo la kawaida ni chini ya 2.5. Kliniki ya wajawazito hutoa tembe za madini ya chuma na foliki, na wengi huzimeza pamoja na thairoksini kwa kuwa zimekaa kwenye mkebe mmoja. Ziachanishe: thairoksini alfajiri, chuma baada ya chakula cha mchana. Baada ya kujifungua, rudi dozi ya zamani na upime wiki ya sita.

Ramadhani ina mipango mitatu. Ya kwanza, kumeza kwa maji adhana ya Magharibi inapotoka, kuswali, na kusogeza futari kwa nusu saa, jambo ambalo ni gumu mbele ya sambusa. Ya pili, kuamka dakika 30 hadi 60 kabla ya daku. Ya tatu, kabla ya kulala, ikiwa saa tatu zimepita bila kutafuna kitu, na baada ya tarawehe hilo ni nadra. Chagua moja na uishike siku zote 30.

Dukani na safarini

Ukipata dawa ya kampuni moja, jitahidi kubaki nayo. Kemikali hai ni ileile, lakini unga wa kujazia hutofautiana na kiasi kinachofyonzwa kinaweza kusogea. Mwaka 2017 nchini Ufaransa dawa ya Levothyrox ilibadilishiwa unga huo, laktosi ikaondolewa na manitoli na asidi ya sitriki vikawekwa, na maelfu ya wagonjwa wakalalamika. Duka likikosa ya kawaida yako, nunua iliyopo kuliko kukaa bila, na upime TSH baada ya wiki 6 hadi 8.

Kataa tembe zilizotolewa kwenye pakiti na kutiwa bahasha ya kaki. Thairoksini huharibiwa na joto, mwanga na unyevu. Iache ndani ya karatasi yake ya bati, chini ya nyuzi 25, si jikoni juu ya jiko wala bafuni. Hewa ya Nairobi huivumilia, lakini dashibodi ya gari lililoegeshwa juani au chumba cha Mombasa mwezi wa Machi haviifai.

Na kabla ya kupanda basi la Desemba, hesabu. Pakiti ya tembe 30 iliyofunguliwa tarehe 5 Desemba humalizika tarehe 3 Januari, wakati wengi bado wako mashambani na duka la dawa la karibu linauza za maumivu na za malaria tu. Nunua za miezi miwili, na cheti cha daktari ukipige picha kwenye simu.